Soksi za Bibi wa Stafford

Chuo kilitupa sisi wauguzi vitabu, mitihani na nasaha tele. Mtu wa kutufundisha kupima wagonjwa na kuwaandikia dawa, kila mmoja ajitafutie. Nilipiga simu Garland nzima, mji ninaoishi huku Texas, na nusu ya Dallas nikaambulia patupu. Aliyekubali kuwa msimamizi wangu alikuwa na kliniki Stafford, huko Houston, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo. Basi kila Jumanne nikawa naendesha gari kwa muda wa saa nne kwenda kulala kwa binamu yangu, na Ijumaa narudi nyumbani kwenye zamu zangu za hospitali.

Asubuhi kabla ya kliniki nilikuwa nampigia mama, Mombasa. Mwaka wa sita huo sijamwona, na hamu yake ilikuwa imenikaa kifuani hadi nikazoea kutembea nayo. Kila siku alinijibu kwamba ni mzima, alhamdulillahi. Siku hizi alikuwa akilala kwenye kochi sebuleni, akidai chumbani joto. Nikamtania kwamba amejiajiri ubawabu, tukacheka.

Alhamisi moja akaingia bibi wa Kizanzibari, amevaa buibui na soksi nene. Nilimwamkia shikamoo, naye akanishika mkono asiuachie. Alinukia udi kama kabati la mama. Akauliza kwetu wapi, wazee hawajambo, watoto hawajambo, nami nikamuuliza wake, na robo saa yangu ya kumpima ikaisha nusu hivi hivi. Sikujali. Nilitaka aendelee kuniuliza.

"Mimi mzima, mwanangu," alisema nilipofika kwenye afya yake. "Nimekuja kuchukua dawa za presha tu."

Nikaandika kwamba hana malalamiko. Nikampima presha, nikamsikiliza kifua harakaharaka. Kumwambia mtu wa umri ule avue soksi mbele yangu, niliona haya.

Msimamizi wangu alipoingia hakuona haya yoyote. Alipiga magoti, akateremsha soksi, akabonyeza muundi kwa kidole gumba kisha akakiondoa. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Akaniambia nimuulize bibi analala vipi.

"Kitini," bibi akajibu. "Kitandani joto."

Kiyoyozi kilikuwa kinatupulizia utosini, nami nilikuwa nimevaa sweta. Nikamuuliza taratibu, joto gani hilo. Akatazama miguu yake, akasema akilala chali pumzi zinakatika. Siku ile ile alipelekwa hospitali, moyo umechoka na maji yamemjaa.

Msimamizi aliniambia nilimuuliza bibi kama mgeni aliyekuja kumtembelea. Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Kwetu kusema u mzima ni sehemu ya salamu, na ugonjwa husubiri uulizwe mara ya pili na ya tatu. Hilo nalijua tangu utotoni. Lakini nilikuwa na njaa ya kuamkiwa, nikashiba salamu nikaondoka.

Halafu nikalikumbuka lile kochi.

Mapumziko ya mchana nilikaa ndani ya gari nikampigia mama kwa video. Mombasa walikuwa wametoka kuswali isha. Akaanza na salamu zake, nikamkatiza, jambo ambalo sijawahi kumfanyia maishani. Nikamwomba ateremshe simu nione miguu.

"Miguu ya nini? Mimi mzima."

"Mama, tafadhali. Bonyeza hapo juu ya kifundo, uhesabu hadi tano, halafu uachie."

Alinung'unika, lakini alibonyeza. Mguu ulikuwa umevimba hadi siutambui, na bangili ya fedha ya mguuni aliyovaa tangu nikiwa mdogo haikuwepo. Baadaye aliniambia ilikatwa kwa koleo mwezi uliopita. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki.

Akalitazama kwanza yeye, kisha akaniinulia simu usoni.

"Haya, daktari. Linasema nini?"

Nilimwambia linasema aende hospitali kesho asubuhi, na jirani atampeleka, nitampigia sasa hivi. Sauti yangu ilikuwa thabiti. Hilo walitufundisha vizuri. Mama akaitikia sawa, bila ubishi, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Na wewe," akaniuliza, "limekwambia uje lini?"

Nilitazama mlango wa kliniki. Nilikuwa nimebakiza saa mia mbili za mafunzo, na wagonjwa wanne mchana ule.

"Nakuja, mama," nilisema. Akaisogeza simu karibu na uso, akisubiri nitaje siku.