Jina la Stelingi Katika Kitabu cha Funguo

Chumbani kwetu Al Thumama, huku Uarabuni, tulikuwa sita, wote walinzi. Siku za mapumziko mmoja wetu alifungua kwenye simu filamu za zamani za kauboi, zile zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Stelingi wake, yaani shujaa mkuu, alikuwa mwanamume mrefu asiyeharakishwa na kitu. Maadui wanakuja mbio na bastola, yeye kwanza anafunga farasi, anapangusa kofia. Mtafsiri alimbandika jina Taratibu, na kwetu Kenya hata asiyejua jina lake halisi anamjua kwa hilo.

Wenzangu wakanipa mimi jina hilo. Niliishia shule ya msingi, na naandika herufi moja moja. Liliniuma, lakini mimi si mtu wa kujibu.

Kazini, kwenye mnara mmoja wa ghorofa nyingi huko West Bay, nilishika kitabu cha funguo. Ufunguo ukitoka, unaandika saa, aliyeuchukua, kisha jina lako. Majina yangu kwenye kitambulisho ni manne. Mafundi walipanga foleni wakitazama saa zao, nami nikaona aibu. Nikaanza kuandika Taratibu, basi. Wiki nzima.

Kisha ufunguo wa chumba cha pampu ukakosekana. Msimamizi wetu, Mkenya wa makamo, akaniita. Kitabu kilikuwa wazi mezani.

"Kijana, huyu Taratibu ni nani? Nimepitia orodha yote ya walinzi, hayumo."

Nilimjua mlinzi aliyerudishwa nyumbani kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikamwaza mama, na tiketi ya kurudi.

"Ni mimi, bosi."

"Wewe? Na ni nani alikubatiza?"

"Wenzangu. Kwa sababu ya kuandika polepole."

"Kama yule anayefunga farasi kwanza?"

"Ndiye huyo."

"Nilichapwa sana na baba kwa kutoroka kwenda kumtazama huyo mtu," akasema, na kurudi kwenye kitabu.

Alipitisha kidole kwenye mistari. Zamu nyingine zilikuwa mikwaruzo tu. Kwenye mstari wa pampu nilikuwa nimeandika saa na dakika, fundi wa mabomba, ghorofa aliyokwenda, na kwamba angeurudisha baada ya chakula. Msimamizi akapiga simu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa ovaroli ya fundi.

Nilishusha pumzi hadi nikaona haya.

"Wanaosubiri, wasubiri," msimamizi akasema. "Sasa keti hapo, usahihishe wiki nzima. Majina yote manne."

Niliketi. Hakuna aliyetazama saa. Sikumbuki siku nyingine niliyoandika kwa raha hivyo.

Niliporudi chumbani walikuwa wameshasikia.

"Taratibu, wamekufukuza?"

"Bado nafunga farasi," nikasema.

Walicheka mpaka wa chumba cha pili akagonga ukuta. Nami nilicheka.