Sanduku Langu kwenye Baiskeli ya Baba Mkubwa

Mwanangu, hebu kaa hapa kidogo. Naikumbuka asubuhi niliyotakiwa kupanda treni ya Mwanza, nivuke ziwa niende chuo kikuu kule Uganda. Enzi hizo za Mwingereza, Tanganyika nzima haikuwa na chuo kikuu. Waganda, Wakenya, Wazanzibari na sisi, wote tulikutana hukohuko. Ukikosa treni, umekosa nafasi.

Baba alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la baba mkubwa, kaka yake, naye alikataa katakata. "Babu yako alibeba pembe za ndovu kwenda pwani, hakurudi. Wewe unataka kumezwa na ziwa?"

Mimi, kijana wa sekondari, sina subira, nikaamua kuondoka bila kumuaga. Shangazi, niliyekuwa nakaa kwake mjini, mtaa wa Isevya, akanigeukia: "Wee, unatoroka kama umeiba kuku? Nimeshamtumia habari."

Nilinuna, mwanangu, hata uji sikunywa.

Kweli, asubuhi ya safari baba mkubwa akatokea na baiskeli, vumbi la barabara ya kwake Sikonge mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia shikamoo. Hakuitikia. Akabeba sanduku langu la bati, akalifunga nyuma kwa mipira, akaondoka zake.

Nguo zangu, vyeti vyangu, vyote vimo mle! Nikatimua mbio kwenda stesheni, niwasihi wenye treni wanisubiri hadi nilipate sanduku. Sokoni wakanicheka: "Msomi, unakimbizwa na nani?"

Nafika, namkuta baba mkubwa amekalia sanduku, anajipepea kwa kofia.

"Marahaba," akasema. "Umechelewa."

Nikamuuliza mbona amelibeba sanduku wakati safari aliikataa.

"Kwetu, tangu enzi za wapagazi, aliyekataa safari ndiye anayembebea msafiri mzigo wake mpaka njiani, kinyongo kiishie hapo. Baba yangu, huyo babu yako, alipoondoka tulimnunia wote. Hakuna aliyeugusa mzigo wake."

Nililia, mwanangu, na wala sikuona aibu. Kifua kilikuwa chepesi mpaka Mwanza.

Sasa nasikia umepata chuo, na mama yako hataki, nawe unapanga kumkwepa. Usifanye hivyo. Mwambie usoni. Mwache anune, alie, halafu mwombe akushikie begi mpaka stendi. Utasoma vizuri na wageni kama nyumbani hukuacha ugomvi.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie njiani, akupe wenzako wema, akurudishe utukute tungali hai.