Jua la Paani

Baba alipofariki, Mama alikaa eda katika chumba cha chini cha nyumba yetu ya Mji wa Kale, kwa nguo nyeupe, miezi minne na siku kumi. Dirisha la chumba kile linatazama uchochoro, na ukuta wa jirani uko karibu hivi kwamba wao wakikaanga vitunguu, sisi ndio tunaokohoa. Jua haliingii. Hata kabla ya hapo Mama hakuwa mtu wa kutoka. Kutwa alikuwa mkekani akidarizi kofia, na akitoka, ni ndani ya buibui.

Mwezi wa pili wa eda akaanza kulalamika mapaja. Mifupa yamuuma, alisema, hasa akitaka kuinuka. Shangazi, dada yake Baba, aliyekuja kukaa nasi, akasema ni huzuni hiyo, imeshuka miguuni. Sote tukaamini. Kila alasiri nilimkanda kwa mafuta ya nazi huku nikimhadithia saluni ya hina nitakayofungua mtaa wa Tudor, vioo ukuta mzima, na yeye kwenye kiti cha mbele akipokea wageni. Alikuwa akicheka. Nami kwa akili yangu, mtu akicheka basi anapona.

Siku moja, Shangazi yuko jikoni, Mama akanishika mkono.

"Mwanangu, nipandishe paani kidogo. Nataka kuota jua."

Paa letu ni la sakafu, na ngazi zake ni za ndani kwa ndani, mtu hakanyagi njia. Lakini siku hizi kuna magorofa yanayotuchungulia, na Shangazi alishanionya kwamba mjane wa eda akionekana paani, mtaa mzima utatutia mdomoni. Nikamjibu Mama kwa maneno hayohayo ya Shangazi.

"Watu watasema nini, Mama? Ngoja eda ishe."

Akasema haya. Hakuniomba tena.

Siku eda ilipokwisha tulimwogesha, tukamvisha nguo mpya, chumba kimejaa majirani na moshi wa udi. Akainuka kwa taabu, akaukataa mkono wangu, akapiga hatua mbili. Hakujikwaa popote. Alianguka tu, na nyonga ikavunjika.

Hospitali, daktari alikuwa mwanamke, naye wa buibui kama sisi. Alisema damu ya Mama ina upungufu mkubwa wa vitamini D, ile ambayo mwili huitengeneza kwa jua. Mifupa ilikuwa ikilainika kwa miaka, na eda ikaongezea. Shangazi akamuuliza vipi mtu akose jua Mombasa hii, jua la kuanikia papa.

"Papa mnamwanika, bibi," daktari akasema. "Sisi hatujianiki."

Akatueleza kwamba watu wazima wengi anaowapima huwakuta hivyo: wanawake wa majumbani, makarani wa ofisini, hata wenye nafasi zao wa Kizingo, wanaoshuka garini na kuingia moja kwa moja kivulini. Yeye mwenyewe alipojipima, alikuwa na upungufu huohuo. Nami nikapimwa. Ninao.

Baadaye mke wa maalimu wa madrasa ya mtaani kwetu alikuja kumjulia hali Mama. Nikamuuliza pembeni kama mjane wa eda angeruhusiwa kupanda paani kwake. Akanitazama. Paani si ni nyumbani kwake, akasema, nani aliyewakataza? Hakuna aliyetukataza. Hatukuuliza.

Mama alipasuliwa, akapewa na vidonge vya kumeza kila wiki. Sasa anatembea kwa kushikilia chuma cha kutembelea, kutoka kitandani mpaka chooni. Ngazi haziwezi, na daktari hajatuambia kama ataziweza. Juzi nilishindwa kujizuia, nikamlilia, nikamwambia mimi ndiye niliyemnyima jua. Nikamwambia kesho nitawaita vijana wa jirani wambebe na kiti mpaka juu.

Alinifuta machozi kwa upande wa leso yake.

"Usilie. Lakini usiwaite," akasema. "Siku ile nilikuwa nataka kupanda kwa miguu yangu."

Kisha akageukia ukutani, nikajua ananificha uso.