Mlango wa jikoni, mvua ya mawe, na ndugu yangu aliyekuwa nje

Wakuu, habari za saa hizi. Hii story hata bwanangu sijawahi kumwambia. Siongezi chumvi, na anayetaka kucheka acheke.

Miaka ya tisini, kwetu Mogogosiek. Nilikuwa na miaka kumi, ndugu yangu Kiplangat sita. Siku moja akamwaga uji kwa daftari langu. Nikamtoa nje, nikafunga komeo la mlango wa jikoni. Mama alikuwa shambani anachuma majani chai.

Mvua ya mawe ikaanza. Watu wa huku mnaijua, mabati inapiga kelele hadi hamsikizani.

Lakini mimi nilimsikia akigonga. Nikasema wacha ajue adabu kidogo.

Mama aliporudi mbio akagonga, ndio nikafungua. Nikadai nilikuwa nimelala.

Ikawa nimonia. Siku nne tu, tukamzika.

Tangu hapo, mawe ikinyesha, mlango wa jikoni unagongwa. Mara tatu, chini chini, pale mkono wa mtoto unafika. Baba akifungua, hakuna mtu. Aki nawaapia, sote tulisikia! Akaita pastor, akabadilisha mlango. Wapi! Mama peke yake hakuwahi kuinuka.

Mwaka uliofuata mama akajifungua kijana. Sisi Wakipsigis, wamama hukusanyika wakamwitia mtoto majina ya waliokufa, wakimnusisha ugoro kidogo. Akipiga chafya, huyo aliyetajwa ndiye amerudi. Gogo, mama ya baba, aliita mababu wote. Mtoto hakupiga chafya. Jina la Kiplangat hakuna aliyethubutu.

Mawe ikaanza. Ngo, ngo, ngo.

Wamama wakaganda. Sijui nilifikaje mlangoni. Nikatoa komeo. Nje hakuna mtu, barafu tu imejaa.

Nikalia, "Kiplangat, ingia. Nisamehe."

Nyuma yangu mtoto akapiga chafya.

Weee! Vigelegele nyumba nzima. Wageni walipoenda nikamwambia mama yote, kwamba sikuwa nimelala.

Akasema, "Najua, Chebet. Siku ile, kabla nigonge, nilikuona kwa dirisha ukiwa macho."

Nikamuuliza mbona hakusema, na mbona hakuwahi kuinuka kufungua.

"Hakuwa anagongea mimi," akasema, akanipa mtoto nimshike.

Mlango haukugongwa tena.

Nilichojifunza: mtoto akikukosea, mgombeze akiwa ndani ya nyumba. Wakuu, ingekuwa ni wewe, ungeweza kunyamazia mtoto wako mwaka mzima hivyo? Niambieni, maana mimi bado sijamwelewa mama.