Nyuki wa Bombani

Kwetu, mke aliyeolewa hahesabiwi kuwa wa kwetu mpaka aumwe na nyuki. Siwasemi Wanyamwezi wote. Nausema ukoo wetu, warina asali wa kusini mwa Tabora, ambao nta yao ilibebwa vichwani hadi pwani zamani za misafara, na ambao mpaka leo wanajiona bora kuliko majirani kwa kuwa hawaogopi mwiba. Msimu wa kwanza wa kurina baada ya ndoa, mume humshika nyuki mabawa na kumweka kwenye mkono wa mkewe. Mke haruhusiwi kuukwangua mwiba mpaka kifuko cha sumu kiishe kusukuma. Nyuki mwenyewe ameshaacha nusu ya tumbo lake pale na kwenda kufa, lakini kile kifuko kinabaki kikidunda peke yake kwenye ngozi. Watu hutazama na kucheka, kisha mke analishwa asali na shughuli imekwisha.

Mke wangu ni wa Igunga, kwao ng'ombe na mpunga. Siku yake ilipofika alitoa mkono bila kusita, nami nikajivuna. Kufika jioni mkono ulikuwa umevimba hadi begani, na vipele vikubwa vilimtoka tumboni. Shangazi zangu walimtania, "Mtu wa ng'ombe huyu, amezoea kupe." Akacheka nao. Tulipobaki wawili akaniambia, "Mwalimu, koo linanibana."

Nikamwambia anywe maji.

Mimi nafundisha baiolojia. Somo la sumu za wanyama nalipenda kuliko yote, maana hata darasa la watundu hunyamaza. Huwaeleza kwamba sumu ya nyoka ni chombo cha kutafutia chakula, nyoka hana mikono wala haraka ya kukimbizana na panya. Sumu ya nyuki ni ya kufundishia. Mwiba wake, kwa mababu zake wa kale, ulikuwa kiungo cha kutagia mayai, ukageuka silaha polepole, ndiyo maana dume la nyuki haliumi. Na kazi ya sumu ile kwa mwizi mkubwa wa asali, awe nyegere awe binadamu, ni maumivu, ili akumbuke na asirudi tena. Wiki nyingine hufundisha kinga ya mwili: mwili ukishakutana na adui humkumbuka, na ndivyo chanjo zinavyofanya kazi.

Masomo hayo mawili niliyaunganisha mwenyewe, kichwani mwangu, bila kumuuliza mtu.

"Mara ya kwanza mwili wako ulikuwa mgeni," nilimwambia mke wangu. "Mara ya pili utakuwa umeshamjua nyuki. Ni kama chanjo."

"Chanjo haijawahi kunibana koo," alisema.

Msimu mwingine wa kurina ukakaribia, na huko mizingani kuumwa hakukosekani. Nilijiambia sitaki aaibike mbele ya ndugu zangu. Uongo. Ni mimi niliyeogopa kuaibika, kwamba mtoto wa mrina asali ameoa mwanamke asiyeweza nyuki. Jumapili moja ya kiangazi, baada ya ibada, nilikuwa uani kwetu Ipuli, Tabora mjini. Bomba letu lilikuwa linavuja, na nyuki wa mji mzima walikuja kunywa pale. Nikamkamata mmoja.

"Nipe mkono."

"Lazima?"

"Mmoja tu, uzoee ukiwa nyumbani."

Alitoa mkono. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba aliniamini. Nilisimama nikikitazama kile kifuko kikisukuma, na ukucha mmoja ungetosha kukiondoa. Sikuukwangua. Kabla hakijatulia alisema viganja vinamwasha. Kisha midomo ikavimba. Kisha akataka kusema neno na sauti haikutoka, akakaa chini kando ya ndoo, anavuta pumzi na pumzi haiingii.

Jirani alikuwa na bajaji. Kwenye kituo cha afya daktari hakuuliza mengi, alimchoma sindano ya pajani kwanza. Baada ya dakika chache niliona kifua chake kikipanda na kushuka kama cha mtu mzima wa afya.

"Sumu ya nyuki mmoja haimuui mtu mzima," daktari alinieleza. "Kinachotaka kumuua ni mwili wake unavyoipokea. Wengine wakiumwa mara nyingi wanazoea. Wengine mwili unakumbuka vibaya, na kila safari unapigana zaidi." Akamgeukia mke wangu. "Ilikuwaje?"

"Nilikuwa nachota maji bombani," alijibu, sauti imekwaruza. Alinisitiri, hata hajaweza kukaa sawasawa kitandani.

Daktari akaniuliza mimi. "Alipoumwa mara ya kwanza, alilalamika koo au pumzi?"

"Hakuniambia," nilisema.

Mke wangu alinitazama, kisha akageuza uso kuelekea ukutani.

Bomba nililitengeneza siku ileile. Miaka minne imepita. Haendi tena kijijini wakati wa kurina, na kwetu wanasema anadeka. Baba yangu hupenda kusema, "Fuata nyuki ule asali, huyu wako anataka kuletewa." Nilikuwa nacheka kidogo na kubadilisha mazungumzo.

Mwaka huu mdogo wangu ameoa binti wa Nzega. Msimu ulipofika tulikusanyika kwa baba, na mdogo wangu akaja na nyuki wake vidoleni, amejaa tabasamu. Bibi harusi akakunja mkono wa gauni. Nikamshika mdogo wangu kifundo cha mkono.

"Mwachie aende."

"Usituharibie shughuli," alisema baba.

Nikayasema yote mbele yao. Bombani hakukuwa na ajali, nyuki yule nilimshika mimi. Nikaeleza na kifuko nilivyokitazama. Baba alifuta mikono yake kwenye suruali, kisha akamwambia mdogo wangu, "Mwachie." Nyuki akaruka. Shangazi wale wa kupe waliinamisha vichwa.

Nikirudi mjini nilijisikia mwepesi. Mungu anisamehe, nilijisikia hata shujaa.

Mke wangu nilimkuta na ungo mapajani, anachagua mchele wa kwao. Nikamsimulia kila kitu. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Vizuri," alisema. "Baba anajua, shangazi wanajua, bibi harusi amepona. Mimi umeniambia nini?"

"Wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo bombani. Na kwa daktari nilikuwepo pia."

Kule kijijini nilikuwa nimesema yote isipokuwa lile moja nililomjibu daktari, na sikuwa nimegundua kwamba nimeliruka.

"Uliniambia," nilisema. "Uliniambia koo linakubana, na nilikusikia."

Mikono yake ilisimama juu ya mchele. Alisema, "Haya," akaendelea kuchagua.