Mjomba Bushiri Anyima Ruhusa

Mjomba wangu Bushiri alikuwa mbishi tangu tumboni. Ukimwambia leo Jumatano, atakuuliza nani kasema. Alikuwa na gari la boksi la kubebea nazi na mchele pale Kariakoo. Siku ya harusi yangu, mwaka hamsini na sita, alilifagia, akatandika mikeka, akatupakia wanawake nyuma ili nipelekwe kwa mume wangu Msimbazi.

Mimi nilifunikwa gubigubi. Bibi harusi haonwi uso na mwanamume yeyote kabla ya mumewe, wala hasemi neno njiani. Kwa hiyo haya niliyasikia tu, huku jasho likinitiririka.

Tulipofika mtaa wa Gerezani tukasimamishwa. Inspekta wa Kizungu alikuwa akisaka gongo, ile pombe ya magendo.

"Wewe! Toa ruhusa nifungue nyuma!"

"Bwana, ruhusa haiamrishwi," mjomba akajibu. "Ruhusa huombwa, na mwombaji hunyimwa pia. Ndani mna bibi harusi. Sikupi."

Askari mmoja, Mwafrika mwenzetu, akamnong'oneza karibu na ubavu wa gari, "Mzee, hana hati ya hakimu, ndiyo maana anataka uridhie. Mpe tu, yaishe. Leseni yako itakwenda."

Leseni ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha nyumba nzima. Mjomba akauegemea mlango, nikausikia ukilia.

Bi Kijakazi, kungwi wangu, akaona tutakesha pale. Akaamuru tushuke. Wanawake wakanizungushia kanga pande zote, nisionekane hata kidole, na mjomba akaufunga mlango kwa kufuli nyuma yetu.

"Sasa hamna bibi harusi," inspekta akasema. "Ruhusa?"

Nikasikia funguo zikilia mkononi mwa mjomba. Nilijua anaifikiria leseni, anatufikiria sisi. Gari tupu, mikeka mitupu. Angekubali, nani angemlaumu? Lakini hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Kwani mtu akikuchosha ndiyo umeridhia?

"Mjomba, usimpe!" nikapiga ukelele.

Bi Kijakazi alinifinya nusura anitoe nyama. Bibi harusi anapayuka barabarani! Wanawake wengine wakaguna, mmoja akasema nimewatia aibu ya mwaka. Nikamsikia mjomba akicheka.

"Nilikuwa karibu kukupa, Bwana," akasema. "Sasa mwenye harusi amekataa. Vunja mwenyewe. Ruhusa yangu huipati ng'o!"

Wakavunja bila hati. Wakakuta mikeka. Hata hivyo wakampeleka kituoni kwa kosa la ukaidi, leseni wakamnyang'anya, na bila leseni gari likamtoka.

Fungate ilipokwisha nikamfuata sokoni. Nikamkuta anasukuma mkokoteni wa magunia, shati limemganda mgongoni. Nikalia palepale. Nikamwambia mdomo wangu ndio uliomponza, ningenyamaza angekuwa na gari lake.

"Ningekuwa nalo," akasema, "na kila siku wangelifungua. Unalia nini sasa? Kamata upande ule."

Watu walitukodolea macho, bibi harusi mzima na hina haijafifia mikononi. Nikajifunga kanga kiunoni, nikasukuma.