Mashine Iliyokula Akiba, Ikaacha Mikopo

"Una shilingi mia nne, kaka," karani aliniambia dirishani.

Nilikuwa nimeletwa kwa baiskeli, mguu umefungwa vipande vya mbao. Duara, shimo letu la dhahabu, lilikuwa limeniangukia jana yake. Mke wangu alinishika kwapani, na gari la kwenda hospitali Mwanza lilikuwa linapiga honi.

"Dada, angalia vizuri. Nina laki nne."

Akageuza kioo cha kompyuta. 400. Nyuma yangu kwenye foleni mmoja akasema, "Huyu jiwe limempiga kichwani, si mguu!" Wakacheka. Gari likaondoka bila mimi. Mfupa ukaungwa na mganga, ukapinda hivi mnavyouona.

Chama chetu cha akiba cha wachimbaji, pale Geita, kilipewa kompyuta na wafadhili, imetoka Ujerumani. Mhazini akakusanya kadi zetu zote za kuandikia akiba, eti mambo ya makaratasi yamekwisha. Tukampa. Kompyuta ile ilitenga maelfu kwa nukta: laki nne iliandikwa 400.000. Kila wiki karani alinakili hesabu kwenye diski, akazifungia kabatini. Radi ikaiunguza mashine. Wakanunua nyingine, wakarudisha hesabu kutoka kwenye diski, na hiyo mpya ikaisoma nukta kuwa mwanzo wa senti. Haya alinieleza fundi wao baadaye.

Fundi alisema dawa ipo, akiba zizidishwe mara elfu. Mhazini akakataa mkutanoni.

"Wapo walioweka fedha baada ya mashine kubadilishwa. Aliyeweka mia nne juzi aondoke na laki nne? Haya, nani atamshuhudia mwenzake alikuwa na kiasi gani?"

Machimboni hutaji fedha yako. Ukitaja utavamiwa, au utarogwa dhahabu ikukimbie. Hata mke wangu sikuwa nimemwambia. Mhazini alilijua hilo vizuri, maana naye alichimba na sisi kabla hajaanza kuvaa viatu vya kung'aa.

Nikasimama na mkongojo wangu.

"Na mkopo wangu wa pampu, bwana mhazini, mbona bado ni elfu themanini? Si ulitoka kwenye diski hizo hizo?"

"Mikopo niliona imeharibika, nikaisahihisha kwa mkono."

"Uliona lini?"

"Siku ile ile tulipoiwasha mashine."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akafunga mkutano, eti mvua inakuja.

Nimelipa mkopo ule wote, kwa mguu huu. Akiba sijaiona hadi leo. Watu huniambia niachane nayo, kompyuta ilikosea. Sawa, ilikosea. Lakini wewe mhazini ulikuwa na macho. Ukiona tunachodaiwa kimepungua unasahihisha siku hiyo hiyo. Ukiona tunachodai kimepungua, unaacha dirisha wazi watu waweke fedha nyingine juu yake mpaka isijulikane ipi ni ipi. Nani alikutuma unyamaze? Kama ni mwenyekiti, mtaje. Kama hakuna, sema ni wewe, na uniambie laki nne yangu iko wapi.